Kamba Iliyokunywa Maji

Nyumbani kwangu hakupikwi mawese. Mume wangu ni mtu wa Ujiji, amekuzwa kwa maharage ya mawese na samaki wa migebuka, na tangu tuoane hajaacha kulalamika. "Mwanamke wa Kigoma gani wewe usiyekula mawese?" huniuliza mbele ya wageni, nami humjibu kwamba tumbo langu halipatani nayo. Ni uongo, na nimeuzoea kiasi kwamba hata daktari nimewahi kumwambia hivyo. Juzi binti yangu mkubwa alirudi kutoka chuoni na chupa ya mawese aliyopewa na rafiki yake, akayabandika jikoni mimi nikiwa sebuleni. Harufu ile nzito ilipopanda nilitoka nje bila viatu, nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Binti yangu akanifuata. "Mama, una nini?" Nikamwambia ni moshi tu. Lakini kwa muda ule sikuwa na watoto wanne wala mvi kichwani. Nilikuwa na miaka kumi, viganja vyangu vina rangi ya chungwa, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nakiokoa kijiji.

Ninyi wa rika langu mliokulia nyanda zetu za juu, huku kwenye udongo mwekundu na asubuhi za kutetemeka meno, mtakikumbuka kiangazi kile. Kijiji chetu kiko upande wa Kibondo, si mbali na njia iendayo Kasulu. Wakubwa walikuwa wakisimulia kwamba zamani ukipiga jembe mara mbili bondeni maji yanakufuata miguuni. Sisi watoto tuliyasikiliza maneno hayo kwa adabu na bila kuyaamini. Tulichokikuta sisi ni visima vitatu vya kuchimba kwa mkono, na kabla sijamaliza darasa la pili viwili vilikuwa vimekauka, vimefunikwa kwa magogo ili mbuzi wasitumbukie. Kilibaki kimoja, chenye duara la saruji na mfuniko wa mbao, na kijiji kizima kikakigeukia. Watu walikuwa wameongezeka, na kila mwenye nguvu alikuwa na bustani ya nyanya au kabichi aliyoimwagilia kutwa kwa ndoo. Siku moja wanawake wawili walipigania zamu, mmoja akavunjika mkono. Ndipo watu walipokaa chini wakaunda kamati ya maji. Hakuna aliyewaamuru kutoka wilayani, waliiunda wenyewe, na mpaka leo wanajivunia hilo.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Ruhuza, fundi baiskeli, mtu wa kunyoosha kila kitu, spoki na watu. Yeye ndiye aliyesema kwamba kugombana hakutakoma mpaka maji yapimwe, kila mtu aone kwa macho yake yamebaki kiasi gani. Mama yangu akachaguliwa kuwa mpimaji. Walimchagua kwa sababu hakuwa na bustani bondeni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kudanganya. Baba alikuwa amekwenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku kutafuta maisha, na maisha yakamkawiza huko huko. Tulibaki wawili, mama na mimi, na heshima ile ya upimaji ilituingia nyumbani kama mgeni mkubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama alikuwa na kamba ya katani, nene kama kidole gumba, imefungwa jiwe mwishoni. Ilitundikwa kwenye msumari ndani ya nyumba yetu, na ilikuwa mwiko kuigusa, kwa sababu lazima iwe kavu kabisa kabla ya kupima. Kila Jumamosi asubuhi, kisima kikiwa hakijafunguliwa, aliishusha polepole mpaka jiwe likae chini, kisha akaivuta na kuangalia imelowa mpaka wapi. Sehemu iliyolowa aliipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, akataja hesabu kwa sauti. Mzee Ruhuza aliirudia, akachora mstari wa mkaa kwenye ubao uliopigiliwa uani pa kisima. Ikifika mikono mitano, kila mtu achote atakavyo. Ikishuka chini ya hapo, bustani zinaachwa na kisima kinafungwa saa sita mchana. Ikishuka chini ya mitatu, ndoo mbili kwa kila nyumba kwa siku, basi, hata uwe na harusi. Hakuna aliyebisha, maana kamba ilishushwa mbele ya macho ya watu wote. Kijiji chote kiliishi kwa kipimo cha mkono wa mama yangu, nami nilitembea shuleni kichwa juu.

Ila kiangazi kile mstari wa mkaa ulishuka kila wiki. Mitano, minne na nusu, minne. Wenye bustani waliona kabichi zao zikinyauka, na midomo ikaanza. Hawakumsema Mzee Ruhuza, walimsema mama. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwenye foleni, bila kujali kwamba nimesimama nyuma yake, "Hivi hamjaona? Tangu aanze kushusha kamba yake humu, maji yanapungua tu." Mwenzake akacheka. Mimi sikucheka. Maneno yale yaliniingia, nikaenda nayo nyumbani.

Nikaanza kuichunguza kamba. Zile kamba za kuchotea zilikuwa za nailoni, zinatoka kisimani zikiwa nyembamba vile vile, maji yanateleza na kurudi. Lakini kamba ya mama ilishuka kavu, nyepesi, ikarudi imevimba na nzito mpaka mama anaibeba begani akiinama. Ilidondosha maji njia nzima. Ikitundikwa uani ilidondosha mpaka jioni, ikiacha shimo dogo la tope chini yake. Nilikaa mbele ya shimo lile nikijumlisha Jumamosi zote tangu mama aanze kazi. Hesabu ikakubali. Kamba ilikuwa inakunywa kisima, na mama, masikini wa Mungu, ndiye aliyekuwa akiinywesha bila kujua. Ningemwambia? Angeaibika. Niliona heri nimsaidie kimya kimya.

Dawa niliijua, na niliijua kwa Mama Kezia.

Mama Kezia alikuwa jirani yetu wa tatu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akazaliwa huku, na karatasi yake ya uraia aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku, chini ya nguo za kanisani. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Kezia, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na Elia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia na kuanguka. Aliishi kwa kuuza mawese. Aliyafuata kwa baiskeli huko mabondeni kuelekea ziwani, akarudi na madumu mawili yamefungwa nyuma, jasho linamtiririka na wimbo wa kanisani mdomoni. Kiha chetu na Kirundi chake vilikuwa karibu kitu kimoja. Alipoamka alitusalimu "Mwakeye," nasi tukaitika, na hakuna aliyekumbuka kwamba ametoka kwingine.

Mipini ya majembe yake aliipaka mawese kila mwisho wa msimu, akiisugua kwa tambara mpaka ing'ae. Nilimuuliza kwa nini. "Mti ukishashiba mafuta, mwanangu, haunywi maji tena," aliniambia. "Mvua ije isije, hauozi."

Basi Ijumaa moja mchana, mama akiwa shambani anavuna muhogo, nilikwenda kwa Mama Kezia na kibakuli. "Mama ameomba mawese kidogo." Hakuuliza lolote. Alinimiminia kibakuli kikajaa, na Elia akachovya kidole akalamba, tukamcheka. Nilirudi nyumbani, nikaitungua kamba, nikakaa nayo nyuma ya nyumba na tambara. Nilipaka kwa bidii ya mtu anayefua shati la harusi. Nilianzia kwenye jiwe nikapanda, mkono kwa mkono, nikiyasukuma mafuta yaingie ndani ya nyuzi. Kamba ilikwisha kuwa nyekundu kwa udongo wa miezi mingi, kwa hiyo rangi haikunisaliti. Harufu je? Nyumba zote za kijiji kile zilinuka mawese. Mama aliporudi kamba ilikuwa msumarini, nami nilikuwa napepeta maharage kama mtoto mwema.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na ukungu. Tuliandamana mpaka kisimani, mama mbele, kamba imezungushwa begani juu ya sweta lake. Watu walikuwa wamekwisha panga ndoo. Mzee Ruhuza aliinua mfuniko, mama akaanza kushusha. Alikuwa ameshusha zaidi ya nusu, jiwe limekwisha gusa maji, nilipoona mikono yake imesimama. Alisugua kidole gumba na cha shahada. Kisha akaendelea kushusha, polepole sana, mpaka chini.

Alipoivuta, kamba haikuwa imevimba. Maji yalikaa juu yake kwa matone matone, yakateleza, yakaanguka. Hapakuwa na alama ya kulowa wala ya ukavu. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mama aliitazama, akaifuta kwa pindo la kitenge, akalileta pindo karibu na pua kana kwamba anapangusa kamasi. Halafu akaangaza macho kwa watu mpaka akanipata mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nadhani nilikuwa natabasamu.

"Mpimaji, kuna nini?" Mzee Ruhuza aliuliza.

"Hakuna," mama alisema. Akapima kwa mkono wake pasipokuwa na kitu cha kupima. "Mitatu kasoro."

"Mitatu kasoro," Mzee Ruhuza akarudia, akachora.

Njiani kurudi alitangulia kwa hatua za haraka. Tulipofika alichukua majivu na kipande cha sabuni, akaifua kamba ile kwa maji yetu ya siku nzima, akaifua tena. Nilisimama mlangoni nikimwangalia anavyoiharibu kazi yangu, na nilikuwa na hasira naye.

Jumatatu mafuta yakaonekana. Kwanza ilikuwa duara dogo la manjano kwenye ndoo ya mtu mmoja, kisha kila ndoo, na katika baridi ile mengine yaliganda yakawa chembe chembe kama nta. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Kufika saa nne watu wote walikuwa pale. Wengine walisema ni sumu, wengine wakasema ni mambo ya kishirikina, na hata waliosema ni mawese tu hawakuthubutu kuyanywa. Kamati ikaamua kisima kisafishwe. Vijana walichota tangu asubuhi ile mpaka jua likazama, na kesho yake tena, wakamwaga kila ndoo chini ya mteremko. Maji tuliyokuwa tunayahesabu kwa mkono, maji ya kutuvusha mpaka mvua, yalikwenda zake kwenye majani makavu. Nakumbuka wanawake wamesimama na ndoo tupu wakiyaangalia. Kisima kilipotulia na kujazwa tena na kile kidogo kilichokuwa ardhini, mama alishusha kamba iliyofuliwa akasema, "Mmoja na nusu." Ikawa ndoo moja kwa nyumba.

Nami, katika akili yangu ya miaka kumi, nilidhani nilichelewa. Nilidhani mama asingeifua kamba, yote hayo yasingetokea.

Mkutano ulifanyika darasani kwetu, wakubwa wamejibana kwenye madawati yetu magoti yakigusa videvu. Sisi watoto tulijazana dirishani. Kezia alikuwa pembeni yangu, tumeshikana mikono. Mama alikaa mbele pamoja na kamati.

"Mafuta hayana miguu," Mzee Ruhuza alianza. "Yamebebwa. Sheria tuliyoiweka inasema dumu la mafuta lisivuke uzio wa kisima. Kuna mtu alishawahi kuonywa kwa jambo hilo."

Wote wakamgeukia Mama Kezia. Ni kweli, msimu uliopita alikuwa amesuuzia dumu lake karibu na uzio, Mzee Ruhuza akamkaripia, naye akaomba radhi. Sasa alisimama, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri kama anakwenda ibadani.

"Yemwe, jamani," alisema. "Nyumba gani hapa haina mawese? Mimi nawauzia ninyi nyote. Kwa nini liulizwe dumu langu peke yake?"

"Kwa sababu ulishaonywa!" mtu alijibu.

"Nilionywa, nikasikia. Tangu siku ile dumu langu halijakaribia pale. Imana, Mungu wangu, ananiona."

"Ninyi watu wa kuja mna shida," sauti nyingine ikasema kutoka nyuma. "Tumewapa ardhi, sasa mnatutilia mafuta kwenye maji."

Nilitazama uso wa Mama Kezia baada ya maneno yale. Haukukasirika. Ulizima tu. Aliangalia dirishani, tulipokuwa sisi, akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotosha. Kisha akakaa.

Mzee Ruhuza hakuwa mtu mbaya. Alikemea ile sauti ya nyuma, akasema hapa hapaongelewi asili ya mtu, inaongelewa sheria. Kisha akasema sheria: nyumba iliyochafua kisima haitachota mpaka mvua zinyeshe. Wanakamati wanaokubali wanyooshe mikono. Walikuwa watano. Minne ilipanda mara moja. Mama alikuwa anaangalia meza ya mwalimu. Wote wakamngoja, maana walitaka iwe kwa kauli moja, ndivyo walivyozoea. Ukapanda na mkono wake, ule ule wa kupimia.

Kezia aliuachia mkono wangu akakimbia nyumbani.

Hapo ndipo kitu kilipofunguka kichwani mwangu, ingawa si chote. Sikuelewa bado habari ya kamba, lakini nilielewa kwamba mafuta yale yalikuwa yangu. Nilimfuata mama jikoni. "Mama, ni mimi niliyepaka..."

"Najua," alisema. Alikuwa anamenya muhogo na hakuacha kumenya. "Kwa nini?"

Nikamweleza yote, jinsi kamba inavyokunywa, jinsi nilivyojumlisha Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kumwona mtu mzima akichoka namna ile akiwa ameketi.

"Kamba hainywi maji, Devota. Maji yanakwisha kwa ndoo. Kamba inatuambia tu."

"Basi twende tuwaambie."

Akaweka kisu chini. "Tuwaambie nini? Kwamba mafuta yametoka nyumbani kwa mpimaji? Kwamba Jumamosi nilitaja kipimo cha kubuni? Nani ataamini kamba tena? Kesho wote watarudi kuchota kutwa kucha, na mwezi hautaisha kisima hakijafa. Tutahama wote." Alinishika mabega. "Mvua zikija, atachota kama wengine. Ni miezi miwili. Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kabisa."

Nimeyatafakari maneno yale maisha yangu yote. Kuna siku nayaona ni ya mtu mwenye busara anayekibeba kijiji mgongoni, na kuna siku nayaona ni ya mwanamke mwoga anayejificha nyuma ya kijiji. Na yote mawili ni kweli, jambo ambalo linaniudhi zaidi.

Hakukaa bure, hilo nalisema kwa haki yake. Kutoka kwenye ndoo yetu moja alipima nusu, akanituma na kidumu kwa Mama Kezia nikiwa nimekifunika kwa majani ya maharage. Mama Kezia alinitazama mlangoni. Nilidhani angenimwagia usoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, "Urakoze," akaingia ndani. Nilipeleka siku nne. Siku ya tano Mzee Ruhuza alikuja akasimama uani kwetu akiwa ameshika kofia. "Mama Devota, watu wameona. Wewe ndiye kamba yetu. Ukipinda wewe, nitamnyoosha nani?" Mama akasema amesikia. Sikutumwa tena.

Bondeni, pale zilipokuwa bustani, palikuwa na kidimbwi kilichobaki, ng'ombe wanakinywea na kukikanyaga. Mama Kezia alichota hapo. Aliyachuja kwa kitambaa, aliyachemsha kila alipopata kuni, na kuni zilikuwa mbali. Nilimwona Kezia akipanda mteremko na ndoo ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikajificha nyuma ya mgomba hadi alipopita.

Elia alianza kuharisha siku ya Jumatano. Alhamisi walimpeleka zahanati kwa ile baiskeli ya mawese, wakarudi na vifuko vya chumvi na sukari vya kukoroga kwenye maji safi, wakaambiwa yawe safi kweli. Mama Kezia alikuja kisimani saa tano na kikombe. Kikombe tu, si ndoo. Kijana mwenye zamu ya ulinzi alisimama hajui la kufanya, akamtuma mtu akamwite Mzee Ruhuza, naye Mzee Ruhuza akaja mbio, akamjazia ndoo nzima kwa mkono wake na kumbebea mpaka nyumbani. Ilikuwa imechelewa. Ijumaa mchana tulisikia kilio. Nilikuwa nafagia. Mama alitoka jikoni, akasimama katikati ya uwanja, akaweka mikono yote miwili kichwani.

Walimzika Elia karibu na mgomba wao. Hawakungoja mvua. Wiki mbili baadaye sanduku lenye karatasi ya uraia lilifungwa kwenye baiskeli, wakaenda Kasulu kwa ndugu. Kezia hakuniaga. Mvua zilinyesha mwezi uliofuata, nyingi, mpaka ubao ukasoma mikono saba.

Kisima kile kipo hadi leo. Hilo nalo ni lazima niliseme. Vijiji jirani vilikauka, chetu hakikukauka, kwa sababu watu waliendelea kuiamini kamba. Walihamisha bustani, wakang'oa mikaratusi karibu na bonde, wakachimba makinga maji kwenye mteremko mzima kwa nguvu zao ili mvua izame badala ya kukimbia. Wageni wa miradi huja na madaftari kuuliza ilikuwaje, nao huonyeshwa ubao. Mama alipima mpaka macho yalipomshinda. Hakuwahi tena kulitaja jina la Elia mbele yangu, nami sikuwahi kulitaja mbele yake, na kwa ukimya ule tulipendana mpaka akafa, mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Mwenyekiti wa sasa wa kamati alisoma wasifu wake, akasema huyu ni mama aliyewahi kukishika kijiji kizima mkononi na hajawahi kudanganya hata mara moja. Watu wakaitika. Nilikuwa naangalia chini. Nilipoinua macho nikamwona Kezia upande wa pili wa kaburi, mnene kidogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kabisa kama cha mama yake. Alikuwa amesikia tangazo la kifo redioni, akapanda gari kutoka Kasulu.

Walipoanza kupanga mstari wa kutupa udongo alizunguka akaja kusimama pembeni yangu. Alinipa pole. Nikamwuliza habari za mama yake, akasema alikwisha tangulia. Nilijua kwamba nisiposema pale sitasema tena kamwe.

"Kezia," nilisema, "yale mafuta ya kisimani yalikuwa yangu. Nilipaka kamba. Nilikuwa mtoto."

Hakushtuka. "Tunajua," alisema. "Siku ile ile ya mkutano mama alikumbuka kibakuli chako. Akasema tusiseme, nani atatuamini sisi." Alitazama shimoni, kwenye sanduku la mama. Mstari ulikuwa umesogea, zamu yetu imefika, watu nyuma yetu wanangoja. "Nimekuja kwa swali moja tu, Devota. Yeye alipounyoosha mkono, alikuwa anajua?"

Nilimwangalia machoni.

"Hakujua," nilisema.

Akavuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Machozi yakamtoka. Kisha rafiki yangu akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akamtupia mama yangu na kumwombea alale pema.